Mabati 108 ya Foili

Nilihesabu migongo ya bati mara tatu ili nisikosee. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, jua bado halijakaza, nami nimesimama kichwani mwa ghala la mizigo la stesheni ndogo ya Reli ya Kati, kidole hewani, midomo ikicheza kama mtu anayevuta uradi. Mkuu wa stesheni, ambaye nilikuwa nimemwomba ruhusa ya kupima na kupiga picha, alinivumilia kwa muda, halafu akauliza: "Unataka kulinunua, kaka?"

Nikamjibu kwamba nataka kulijenga.

"Kiwanja kiko wapi?"

"Mezani kwangu."

Hakusema neno. Aliingia ofisini, akatoka na futi ya chuma, akashika ncha moja na kunipa ya pili.

Migongo ilikuwa 92. Bati la zamani la mawimbi, lile walilotuletea wakoloni na ambalo bado linaezeka nusu ya nchi, lina milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo, yaani inchi 3. Zidisha, unapata mita 7 kasoro unywele. Futi ikakubaliana na hesabu. Tangu siku hiyo sihangaiki sana nikienda penye jengo la bati bila futi, kwa kuwa jengo lenyewe limejichora rula mwilini.

Ghala hilo sasa ninalo. Lina urefu wa milimita 237 na upana wa milimita 92. Kuta zake ni maboksi ya majani ya chai. Paa lake ni visahani vya foili vilivyofungiwa pilau kwenye harusi ya binamu yangu. Mabomba yanayoteremsha maji ya mvua ni chelewa za fagio. Nilivyonunua dukani ni vitatu tu: gundi nyeupe ya maseremala, wembe na bolti moja. Habari ya bolti nitaieleza, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nione kwamba kazi hii inawezekana.

Ulaya na Marekani kuna watu wazima, wengi sana, wanaojenga reli nzima ndani ya chumba: milima, madaraja, vijiji na treni inayokwenda kwa umeme. Ni mchezo wa kale wenye magazeti yake, maduka yake na mabishano yake. Kipimo kinachotumika zaidi duniani huitwa HO: kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli yake ina upana wa milimita 16.5. Waingereza wao wanatumia OO, iliyopunguzwa mara 76, lakini wakabaki na reli ile ile ya milimita 16.5. Vichwa vya treni vya Uingereza ni vyembamba kuliko vya Ulaya bara, na mota za zamani hazikuweza kuingia ndani ya umbo lililopunguzwa mara 87, basi wakakuza kichwa na kuiacha reli ilivyo. Matokeo yake treni zao zinakwenda juu ya reli iliyo nyembamba kuliko inavyopaswa, na mpaka leo wapo wanaokosa usingizi kwa ajili ya hilo.

Viwanda vinauza majengo pia, yako kwenye boksi, vipande vya plastiki vya kuunganisha: stesheni ya Ujerumani, ghala la Marekani, kanisa la kijiji cha Uingereza. Nimepekua katalogi hizo. Hakuna kota ya reli ya Tabora. Hakuna kibanda cha mlinzi wa makutano ya reli na barabara, kile chenye benchi la zege mlangoni. Hakuna ghala la bati lililojaa harufu ya magunia na mafuta ya taa. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200 za stesheni, mimi nimekulia katika mojawapo, na hakuna kiwanda duniani kitakachoona faida ya kuichonga. Kwa hiyo boksi la chai nililichukua kwa sababu ndiyo njia pekee ya kupata jengo ninalolitaka. Urahisi wa bei ulikuwa nyongeza.

Tena sikuanzia mbali. Mtoto wa kota za reli hakuwa na wa kumnunulia gari, alilitengeneza: bodi ya boksi au kopo la mafuta ya kula, magurudumu ya ndala iliyokatika, ekseli ya waya, usukani mrefu wa kuendeshea umesimama. Tulijua mpira wa ndala unakatika vizuri ukiloweshwa. Tulijua kadibodi inajikunja kufuata upande mmoja na kukataa mwingine. Ujuzi huo ukiutoa utotoni ukauwekea rula, ndio huu ninaoueleza hapa.

Aliyenifundisha sababu ya kufanya kazi hii kwa dhati ni mtu ambaye sikuwahi kukutana naye. Roye England alizaliwa Australia, akahamia Uingereza mwaka 1925 akiwa kijana. Alivutwa na vijiji vya Vale of White Horse, kusini-magharibi ya Oxford: nyumba za wakulima, kuta za chokaa na matofali, mapaa ya nyasi. Akaona zinavyobadilishwa na kubomolewa moja baada ya nyingine. Hakuwa na fedha za kununua kijiji. Alichofanya ni kuzipima nyumba hizo, kuzipiga picha, kuuliza majirani rangi za milango, kisha yeye na waliomfuata wakazijenga upya, zimepunguzwa mara 76. Mwaka 1954 alianzisha makumbusho ya Pendon katika kijiji cha Long Wittenham, na mpaka leo watu huenda kuinamia vijiji hivyo nyuma ya kioo. Picha za vijiji hivyo zinadanganya macho. Utaapa ni udongo na mawe. Ni kadi na karatasi. Matofali yamekandamizwa moja moja kwa chombo butu, yakapakwa rangi moja moja. Nyasi za paa ni nyuzi za mmea ambazo mafundi bomba walizungushia maungio yasivuje. Nyumba moja huchukua mamia ya saa.

Hapo hapo Pendon imehifadhiwa reli ya John Ahern, aliyoiita Madder Valley, bonde la kubuni tupu. Wapenzi wengi wa reli ndogo wa wakati wake walijali treni, majengo wakayachomeka baadaye kama pazia. Ahern alianza na mji, kwa sababu treni lazima iwe inakwenda mahali. Aliandika kitabu kizima juu ya ujenzi wa majengo madogo, Miniature Building Construction, na vifaa vyake vilikuwa kadi, mbao nyembamba na gundi. Marekani alikuwepo E. L. Moore, mwandishi wa magazeti ya reli ndogo tangu miaka ya 1950, aliyejenga viwanda na maghala kwa mbao laini za balsa, karatasi na vikorokoro vya nyumbani. Nawataja hawa kwa makusudi. Kuna dhana kwamba anayetumia boksi anangojea siku atakayoweza kununua kitu cha maana. Mabingwa wenyewe walitumia boksi.

Sasa ukuta.

Boksi la chai au la biskuti lina kadi nyembamba, ngumu, yenye upande mmoja mweupe na mwingine wa kijivu. Kunja kipande kidogo kwanza uone kinakubali upande upi. Huo ndio mkondo wa nyuzi zake, na ukuta wako mrefu uufuate. Mimi nakata matabaka matatu. La nje lina matundu ya madirisha kwa vipimo kamili. La kati lina matundu yaliyo makubwa kidogo, ili fremu ikae ndani yake. La ndani ni la kuimarisha tu. Ukiyabandika pamoja unapata ukuta wenye unene, na dirisha linaingia ndani kama dirisha la kweli la jengo la Mjerumani, lenye kivuli pembeni. Kivuli hicho ndicho kinachodanganya jicho kuliko rangi yoyote.

Usikate kwa nguvu. Pitisha wembe mara nne, tano, kwa mkono mwepesi, ukiegemea rula ya chuma. Mkono mzito huchana kadi na huchana kidole.

Gundi nyeupe ina maji, na maji ni adui wa kadi. Ukipaka upande mmoja na kuacha, ukuta utapinda kama papai lililokatwa juani. Paka kidogo, bandika, halafu weka chini ya vitabu vizito mpaka kesho. Mimi hutumia kamusi mbili na Biblia ya mama. Kona naziimarisha kwa vijiti vya mishikaki, na ndani naweka kuta za kukingama hata kama jengo la kweli halina, kwa sababu hakuna atakayeingia.

Jengo langu la kwanza nililigandisha kwa gundi ya unga wa ngano, ile tuliyobandikia magazeti shuleni. Lilikuwa kibanda cha mlinzi, na nilikuwa nimekipenda. Masika ilipokolea, mende walikila kutoka chini kwenda juu, wakabakisha rangi na madirisha. Wiki nzima sikugusa wembe. Sasa kila jengo napaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo ndani na nje kabla ya rangi, hata mahali pasipoonekana.

Msingi wa mawe nilichora kwa kalamu ya wino iliyokwisha. Ncha yake inabonyeza kadi bila kuichana. Chora jiwe kwa jiwe ukitazama picha, wala usichore mawe yote sawa, fundi wa mwaka 1910 alitumia alichochongewa siku hiyo. Kwa lipu, saga chaki, changanya na rangi ya maji ya ukutani, paka kwa kugonga-gonga na kipande cha sponji ya godoro. Ikikauka ina ukwaruzo mdogo unaotosha kabisa.

Nije kwenye bolti.

Paa lilinishinda kwa miezi. Nilijaribu kadibodi ya mawimbi iliyo ndani ya maboksi makubwa, mawimbi yakawa makubwa mno, ghala likafanana na banda la kuku. Siku moja nikiwa gereji nasubiri baiskeli, nilikuwa nachezea bolti inayofungwa kwa spana namba 10, ndefu, yenye nyuzi mwili mzima. Fundi akaniambia ni ya milimita 6. Nikaibonyeza kwenye pakiti ya sigara ya mtu, ikaacha mistari. Nikaomba rula. Milimita moja kutoka uzi hadi uzi.

Bati la kweli ni milimita 76 mgongo hadi mgongo. Ukilipunguza mara 76 unapata milimita moja. Bolti ya kila gereji ya baiskeli na pikipiki hapa nchini imebeba mwilini mwake bati la reli kwa kipimo cha OO. Ndiyo sababu nilichagua kipimo hicho, wala sijutii. Ile migongo 92 niliyoihesabu kichwani mwa ghala ikageuka kuwa milimita 92, bila kikokotoo.

Foili ya jikoni ya kawaida ni laini mno, ikiguswa inafutika. Kopo la soda ni gumu, linataka nguvu na linakata. Kisahani cha foili cha kufungia chakula kiko katikati, kinapokea umbo na kulishika. Kinyooshe kwa mgongo wa kijiko, kilaze juu ya soli ya ndala, kisha ubiringishe bolti kwa viganja viwili kama anayesukuma chapati. Mpira wa ndala unaulainisha mgongo, maana uzi wa bolti una ncha kali na wimbi la bati ni la mviringo. Utaona mistari inatoka sambamba lakini imeinama kidogo, kwa kuwa uzi wa bolti unapanda kwa mzunguko. Usihangaike kuinyoosha. Kata vipande vyako kwa kufuata mistari yenyewe, uisahau kingo ya kisahani.

Bati la futi 8 linatoka milimita 32. Hapa ndipo mtu anapopata kishawishi cha kufunika paa lote kwa kipande kimoja. Nilifanya hivyo, nikatazama, nikabandua. Paa la kweli ni mabati mengi: moja limepanda juu ya jingine, moja lilibadilishwa juzi linang'aa, moja limeng'olewa na upepo likarudishwa vibaya. Kwa ghala la mita 18 nilikata safu nne za mabati 27, jumla 108, nikayabandika moja moja kuanzia chini, kila moja likilalia jirani yake. Ilinichukua jioni kumi na moja. Nilipoliweka dirishani asubuhi, mwanga ulipita juu yake ukikatika-katika kwenye kila maungio, nikakumbuka paa la kota yetu nililokuwa nikiliona nikiwa juu ya mwembe.

Kutu ina njia nyingi. Loweka nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ndani ya siki kwa siku kadhaa. Maji yake ukiyapaka kwenye mti uliokwisha kupakwa chai ya rangi nzito, mti unageuka kijivu kama mbao zilizokaa juani miaka ishirini. Milango yangu yote ni njiti za kiberiti zilizopita humo. Kwa bati lenyewe natumia udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa, masizi ya chungu na chaki ya kahawia iliyosagwa, navipiga kwa brashi kavu, kidogo kidogo, mahali ambapo maji yangetiririka. Mmarekani John Allen, mpigapicha wa Monterey huko California, alikuwa miongoni mwa waliowaonyesha wenzao kwamba jengo dogo lichakae kama kubwa. Reli yake aliyoiita Gorre & Daphetid ilijulikana dunia nzima. Alifariki mwezi wa Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza karibu kila kitu. Zimebaki picha. Tangu nisome habari hiyo, napiga picha kila hatua na vipimo vyote naviandika kwenye daftari la shule, kwa kalamu ya risasi, isiyofutika kwa maji.

Tangi la maji lilikuwa rahisi. Kile kibomba cha kadibodi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha kina upana wa milimita 40 na ushei, sawa na tangi la mita 3. Kizungushie karatasi ngumu iliyotobolewa-tobolewa nyuma kwa pini, vichomo vinatokeza mbele kama ripiti za chuma. Nguzo zake ni vijiti vya mishikaki. Nyasi kavu za kando ya tuta ni katani iliyokatwa fupi, nyuzi chache kutoka kamba ya gunia. Waingereza walihangaika na nyuzi za mafundi bomba, sisi katani tunayo. Udongo ni majani ya chai yaliyokwisha kunywewa na kukaushwa, yamechanganywa na mchanga. Kwa hiyo chai imetoa kuta na ardhi pia.

Mbele ya ghala nimelaza reli fupi yenye upana wa milimita 13, maana reli yetu ya zamani ni ya mita moja. Haipitishi kitu. Sina treni. Tangu 2024 abiria wa Dar es Salaam na Dodoma wanapanda treni ya umeme kwenye reli mpya ya milimita 1,435, na nimeipanda, ni nzuri, na nafurahi kwamba wanangu watazoea kufika kwa wakati. Stesheni zake ni kubwa, za vioo. Zitapata wa kuzipiga picha. Ninachohofia ni yale majengo madogo ya kando, ambayo hakuna mtu anayejua kwamba anayakumbuka mpaka yabomolewe: vyoo vya stesheni, jiko la kota, kibanda cha taa, ghala.

Mwezi uliopita nilimkaribisha mzee mmoja aliyewahi kuwa stesheni masta kwenye Reli ya Kati, rafiki wa marehemu baba. Nilimwamkia, akaitika, akakataa kiti. Aliinama juu ya meza mikono imefungwa mgongoni, kama mastesheni masta walivyofanya wakikagua. Akakaa hivyo muda mrefu mpaka chai ikapoa.

"Mlango huu si wenyewe," alisema hatimaye. "Huu wa bawaba waliuweka baadaye. Ule wa kwanza ulikuwa wa kuteleza, unaning'inia kwenye chuma. Ukiufungua asubuhi kota zote zinaamka."

Nikafungua daftari nikaandika. Akanichorea chuma chenyewe, magurudumu mawili juu na kizuizi mwisho, mkono ukitetemeka lakini mistari imenyooka.

"Na ndoo ziko wapi?"

"Ndoo gani, mzee?"

"Za mchanga. Za moto. Nyekundu, nne, hapa." Akagusa ukuta kwa ukucha wa kidole kidogo, mahali ambapo katika picha zangu zote za lile ghala kuna misumari minne mitupu ambayo sikuwahi kuielewa. "Baba yako ndiye aliyekuwa akizijaza kila mwezi wa kwanza. Watoto mlikuwa mnachota mchanga wake mnachezea."

Ndoo ya sentimita 30 inatoka milimita 4. Nilizungusha karatasi kwenye ncha ya penseli iliyochongwa, nikakata juu na chini, nikatia tako la kadi, mpini ni unyuzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa umeme. Nilitupa kumi na mbili kabla ya kupata nne zinazolingana. Kila moja nimeitia mchanga, punje zisizozidi ncha ya kisu. Tatu nimezitundika. Ya nne iko juu ya kibao, rangi yake bado mbichi, kwa sababu mzee amepiga simu kusema niiache, anakuja Jumapili kuitundika mwenyewe.